Kusomea FNP kwa Masafa: Mafunzo Niliyopata

Wauguzi wenzangu wa kutoka nyumbani hunipigia simu asubuhi, saa ambayo naiti imeisha na watoto wameshapanda basi la shule. Swali lao huwa ni lile lile: dada, hii FNP ya kusomea mtandaoni inawezekana kwa mtu mwenye kazi, familia na wazazi wa kutumiwa pesa? Inawezekana. Mimi niliisomea nikiishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, nikifanya kazi wodini, na leo nina wagonjwa wangu mwenyewe. Lakini jibu hilo peke yake halimfai mtu. Elimu ya masafa inakuondolea safari ya kwenda chuoni, na hapo hapo inakukabidhi kazi nyingi ambazo zamani chuo kilikufanyia: kutafuta mahali pa mafunzo ya vitendo, kujua sheria za jimbo lako, kujipangia ratiba, hata kujipima kama kweli umeelewa. Anayelijua hilo mapema hufika, na wengi niliowaona wakikwama walikwama kwa kulijua wamechelewa.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: FNP, yaani Family Nurse Practitioner, ni muuguzi aliyesoma hadi uzamili au udaktari wa uuguzi, anayepima wagonjwa wa umri wote, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Kenya na Tanzania kazi inayokaribiana nayo ni ya tabibu, yule tunayemwita klinikal ofisa. Huku Marekani mizizi yake ni mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuwahudumia watoto mahali ambapo madaktari walikuwa haba. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, ameshaiona kazi aliyoianza na wachache ikifanywa na mamia ya maelfu.

1. Panga ngazi zako kabla ya kutazama vyuo

Nilikuja na diploma ya uuguzi ya KRCHN kutoka chuo cha KMTC, Kenya, na miaka ya kazi katika hospitali ya Makadara, Mombasa. Kabla ya kuota uzamili ilibidi vyeti vyangu vikaguliwe na CGFNS, shirika linalohakiki vyeti vya wauguzi wa kigeni, kisha nifanye mtihani wa leseni wa NCLEX, ndipo nipate leseni ya muuguzi wa jimbo. Kilichonishangaza ni undani wa ukaguzi ule. Walitaka kujua saa ngapi za darasani na ngapi za wodini, kwa kila somo: magonjwa ya watu wazima na upasuaji kivyake, uzazi kivyake, watoto kivyake, afya ya akili kivyake. Binamu yangu aliye Nairobi ndiye aliyekuwa akienda Baraza la Wauguzi kufuatilia karatasi, na mimi huku nikipekua madaftari ya zamani nikumbuke muhula gani nilikuwa wodi ya akili ya Port Reitz.

Mwenye diploma ana njia mbili. Anaweza kumaliza kwanza digrii ya uuguzi ya BSN, ambayo wengi huisoma kwa mtandao huku wakifanya kazi, halafu aingie uzamili. Au anaweza kujiunga na programu inayomchukua kutoka diploma moja kwa moja hadi uzamili. Ya pili ni fupi, lakini mimi namshauri mwenye familia ashike ya kwanza. Maisha hayana ahadi: mtoto ataumwa, mzazi atafariki, utasafiri kuzika. Ukisimama katikati ya njia ya kwanza, BSN yako unayo mkononi na inakuongezea nafasi za kazi. Ukisimama katikati ya njia ya pili, unaweza kubaki na alama zisizo na cheti.

Na kabla ya lolote, kagua ithibati ya programu ya uuguzi yenyewe, kama ile inayotolewa na CCNE au ACEN. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na matangazo mazuri. Kama programu yake ya FNP haina ithibati, hutaruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa, na bila mtihani huo majimbo mengi hayakupi leseni.

2. Usione haya kusomea nyumbani

Nilipotangaza kwenye chama chetu kuwa nimeanza uzamili kwa mtandao, mama mmoja tunayemheshimu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, na aliyesomea kwenye kompyuta atajuaje kunishika tumbo?" Lilikuwa swali la haki, na nitalirudia chini. Siku ile nilimweleza nilichokiona nyumbani. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wa cheti, wale wa KECHN, hadi diploma bila kuwaondoa vituoni mwao. Nilifanya kazi na akina mama waliosoma hivyo. Walisoma usiku, asubuhi wakarudi kuzalisha na kuchanja, na hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba mkono wa muuguzi huyu ni wa kompyuta.

Huku nako njia hii ina asili ya heshima. Mwaka 1925 Mary Breckinridge alianzisha huduma ya wauguzi wakunga katika milima ya mashariki mwa Kentucky, waliozifikia familia za mbali wakiwa wamepanda farasi. Shule iliyotokana na huduma hiyo ilianzisha mafunzo ya FNP mwaka 1970, na mwaka 1989 ikaanza kuwafundisha wakunga kwa masafa, wakiwa makwao, ili waendelee kuhudumia jamii zao. Mwajiri wa leo hajali sana kama ulisoma ukiwa umeketi jikoni. Anauliza saa zako za kliniki ulizifanyia wapi, na chini ya nani.

3. Tafuta msimamizi kabla hujalipa karo

Hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote.

Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka mwanafunzi wa FNP awe na saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Awali kiwango cha chini kilikuwa 500. Saa hizo hazipatikani kwenye skrini. Unazifanya katika kliniki halisi, chini ya FNP au daktari aliyekubali kukusikiliza, kukusahihisha na kutia saini yake. Katika programu nyingi za masafa, anayetakiwa kumtafuta mtu huyo ni wewe.

Mimi nilidhani chuo kitanipangia, jinsi KMTC ilivyotupanga wodini na kubandika majina ukutani. Kitabu cha mwongozo kilisema wazi kwamba nitafute mwenyewe, ila ukurasa ule niliupitia haraka haraka. Nilipoanza kupiga simu, muhula ulikuwa umekaribia. Wakati wa mapumziko ya kazini nilikuwa nakaa ndani ya gari, nimeliacha likinguruma kwa ajili ya baridi, orodha ya kliniki iko mapajani na kalamu mkononi. Majibu yalifanana: mwaka huu hatupokei wanafunzi, tunapokea wa chuo fulani tu, tuachie namba yako. Wengine walikuwa na adabu kweli, wakaandika jina langu herufi kwa herufi, wasipige tena. Muhula ule ulinipita.

Aliyenipokea mwishowe alikuwa FNP wa kliniki nilikokuwa nikimpeleka mwanangu chanjo. Miaka yote hiyo alikuwa akiniona, akijua mimi ni muuguzi, na haikunipitikia hata siku moja kumwomba. Nilipomwambia ninasomea nini, alivuta kiti akakaa na kuniuliza, "Unahitaji saa ngapi za watoto?" Kisha akanipeleka kwa wenzake, mmoja wa afya ya wanawake na mwingine wa watu wazima. Mlango niliougonga kwa simu miezi kadhaa ulifunguliwa na mtu anayemjua mwanangu kwa jina.

Kwa hiyo anza na wanaoijua sura yako: anayekutibu wewe, anayewatibu watoto wako, madaktari mnaokutana nao wodini, FNP mnayesali naye. Omba mwaka mzima kabla. Nenda mwenyewe, ukiwa na karatasi moja tu yenye jina la chuo, idadi ya saa, tarehe, siku za wiki unazoweza kufika, na nani amekukatia bima. Omba saa chache kwanza. Mtu anayesita kukupa muhula mzima anaweza kukupa siku moja kwa wiki, na akikuona unafanya kazi atakuongezea mwenyewe. Kumbuka pia kwamba baada ya mtu kukubali, bado kuna mkataba kati ya chuo na kliniki unaopitia kwa mawakili wa pande zote mbili, na mkataba huo unaweza kuchukua miezi.

Usizifanye saa zote mahali pamoja. FNP anatibu mtoto mchanga na bibi wa miaka 90 asubuhi moja. Ukikaa kliniki ya kisukari pekee utajua kisukari, halafu siku ya kwanza kazini ataletwa mtoto mwenye vipele.

Yako makampuni yanayokutafutia msimamizi kwa malipo. Siwalaumu wanaoyatumia, kwa maana aliyekwama hana budi. Ila ihesabu gharama hiyo ndani ya karo yako, na hakikisha chuo kimemkubali msimamizi huyo kabla hujatoa pesa.

Ukipigia chuo simu, uliza hivi: Nani anatafuta msimamizi? Nikikosa, mtanisaidiaje? Mwaka jana wanafunzi wangapi walisimama muhula kwa kukosa nafasi? Mwalimu wenu atakuja kunitazama kliniki, au atanitazama kwa video? Chuo kizuri kitakujibu bila kutafuta maneno. Kinachozungukazunguka kiache, hata kama karo yake ni nafuu.

4. Jimbo unaloishi ni sehemu ya masomo yako

Rafiki yangu tuliyeanza pamoja alihama katikati ya masomo kumfuata mumewe aliyepata kazi jimbo jingine. Alikuwa na alama nzuri kuliko zangu. Hakujua kwamba chuo chetu hakikuwa na kibali cha kuwaweka wanafunzi kliniki katika jimbo lile. Masomo ya nadharia angeweza kuendelea nayo popote, lakini saa za kliniki hazingehesabika. Alihamia chuo kingine, na baadhi ya masomo aliyoyalipia ikabidi ayarudie.

Majimbo karibu yote yako ndani ya makubaliano ya NC-SARA, yanayoruhusu chuo cha jimbo moja kufundisha watu wa majimbo mengine. California haimo. Na hata ndani ya makubaliano hayo, bodi ya uuguzi ya jimbo inaweza kuwa na masharti yake kwa wanafunzi wa kliniki. Kabla ya kujiandikisha, na tena kabla ya kufunga mizigo kuhama, waandikie chuo uulize kuhusu jimbo lako kwa jina, na uhifadhi jibu lao la maandishi.

Sheria za kazi yenyewe nazo zinatofautiana. Hapa kwetu Minnesota, tangu Januari 2015, FNP anaweza kutibu na kuandika dawa bila mkataba wa kudumu na daktari, ila mgeni kazini hutakiwa kwanza afanye saa 2,080 kwa ushirikiano na daktari au muuguzi wa ngazi hiyo mwenye uzoefu. Texas bado mkataba na daktari unatakiwa. Ukitaka siku moja kufungua kliniki yako mwenyewe, tofauti hiyo itagusa mfuko wako kila mwezi, maana daktari wa mkataba mara nyingi hulipwa.

5. Mikono hujifunza mbele ya mtu

Sasa lile swali la mama wa chamani. Masomo matatu yanabeba FNP: pathofiziolojia, famakolojia na upimaji wa mwili, yote ya ngazi ya juu. Mawili ya kwanza unaweza kuyasoma vizuri kabisa ukiwa nyumbani. La tatu linataka miili ya watu.

Nilinunua otoskopu, nikaanza na masikio ya watoto wangu. Mwanzo niliona nta na giza tu. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu mzima unamvuta sikio juu na nyuma, na mtoto mdogo unamvuta chini na nyuma, ili njia inyooke. Kusoma ni jambo moja. Kujua uvute kwa nguvu kiasi gani, usimame wapi, mkono ulioshika kifaa uuegemeze kwenye shavu ili mtoto akigeuka ghafla usimwumize, hayo niliyajua kwa kurudia kila jioni. Siku kiwambo cha sikio kilipotokea mbele yangu, cha kijivu chenye kung'aa kama lulu, na ule mng'ao wa mwanga chini upande wa mbele, nilimwita mume wangu aje atazame. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetutembelea akaondoka sijamwomba sikio lake.

Programu nyingi zina siku za kwenda chuoni kwa vitendo. Zichukulie kama hazina. Sisi tulipewa miguu ya nguruwe kutoka buchani, tukaichana na kuishona, mwalimu akipita nyuma yetu na kusema, "Fungua, rudia." Ngozi ile inateleza, uzi unakatika, vidole vinauma. Nilirudi Minnesota na uzi na sindano kwenye mkoba nikaendelea kushona jikoni.

Lakini lililonifundisha kuliko yote lilitokea kliniki. Alikuja mama mzee mwenye kikohozi kikavu kisichoisha. Alikuwa ameshapewa dawa ya mafua, ya mzio, hata antibiotiki. Nikamsikiliza mapafu, safi. Nikatoka kumweleza msimamizi wangu, nikiwa tayari kupendekeza picha ya kifua. Aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Anatumia dawa gani, na ipi ameianza karibuni?" Nikarudi chumbani. Mama alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, akazipanga chupa zake moja moja juu ya meza. Ya nne ilikuwa lisinopril, ya presha. Alikuwa ameianza wiki chache kabla ya kikohozi.

Kwamba dawa za kundi hilo huleta kikohozi kikavu nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani wa famakolojia, tena kwa alama zote. Lilipokaa mbele yangu na leso mkononi, sikulitambua. Alibadilishiwa akapewa losartan, na aliporudi kliniki kikohozi hakikuwepo.

Tangu siku ile, kila jioni baada ya kliniki nilikuwa nasoma kuhusu wagonjwa niliowaona siku hiyo, hata kama zoezi la chuo lilihusu jambo jingine. Fanya hivyo. Ugonjwa uliousoma ukiwa na uso wa mtu akilini hausahauliki. Na mgonjwa akifika mbele yako, mwombe akuletee dawa zake zote, za hospitali, za dukani na za miti shamba, uzione kwa macho.

6. Sema ukweli wa pesa, huku na nyumbani

Nilianza masomo bila kupunguza zamu hata moja. Wikiendi nilifanya dabo, katikati ya wiki nikasoma. Famakolojia ya saa tisa usiku haikai kichwani. Unasoma ukurasa, unaufunga, huna kitu. Nilijua napaswa kupunguza kazi, na sikuthubutu, kwa sababu ya pesa ninazotuma nyumbani Voi kila mwezi.

Siku moja nilijikaza nikampigia mama. "Mama, miaka hii ya masomo nitatuma kidogo." Nilikuwa nimejiandaa kwa kimya, au kwa jina la mtoto wa jirani anayesomesha wadogo zake wote. Mama aliniambia, "Kwani nani alikuambia utume zote? Soma umalize." Nilikuwa nimebeba deni ambalo hakuna aliyenidai. Ndugu yangu, wapigie wa kwenu mapema, waambie kiasi na muda. Wengi wataelewa kuliko unavyodhani, na wasioelewa ni afadhali wakukasirikie sasa kuliko uache masomo katikati.

Upande wa huku, anza na mwajiri wako. Hospitali nyingi hulipia masomo, na mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hiyo kutozwa kodi. Soma masharti: mara nyingi utatakiwa kubaki kazini kwao muda fulani baada ya kumaliza. Kuhusu mikopo ya serikali, sheria imebadilika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa uzamili anawekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Fani chache kama udaktari na sheria zimewekewa kikomo kikubwa zaidi, na vyama vya wauguzi vimepinga vikali uuguzi kuachwa nje. Mikopo hii inawahusu zaidi raia na wenye green card. Aliye kwa viza ya kazi asiitegemee. Kwa raia, ukimaliza kuna NHSC, mpango wa serikali unaolipa sehemu ya mkopo wako ukifanya kazi miaka miwili mahali penye uhaba wa watoa huduma. Nafasi hizo zipo mashambani na katika mitaa ya miji wanakokaa watu wetu wengi.

7. Kiswahili chako kina kazi kliniki

Mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu, Kongo, aliletwa na binti yake, msichana wa shule ya msingi, ndiye mkalimani. Binti alikuwa akitafsiri maumivu ya mama yake chini ya kitovu, akifika mahali fulani anainamisha kichwa na kuruka maneno. Nilipoanza kusema Kiswahili mama alinigeukia mzima mzima: "Munganga, kumbe unasikia!" Tukamwomba msichana akae nje na muuguzi, na mambo ambayo mama hawezi kuyasema kupitia mdomo wa mtoto wake yakasemwa.

Kanuni za serikali kuu zinakataza kliniki kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Mwanafunzi anayejua Kiswahili ana thamani mahali kama hapo, na msimamizi anayesita kukupokea anaweza kubadili nia akijua hilo. Liandike kwenye ile karatasi yako. Ila usijifanye mkalimani kabla ya kuuliza, maana kliniki nyingi zinataka upimwe kwanza. Nami, pamoja na Kiswahili changu chote cha pwani, nilijifunza kumwomba mama wa Kivu aseme tena taratibu, na kumrudishia alichosema ili nihakikishe nimemwelewa.

8. Mtihani, kisha mwaka wa kwanza

Mtihani wa kitaifa unaufanya kwa shirika la ANCC au la AANPCB. Vyeti vyote viwili vinakubalika. Wa AANPCB nilioufanya mimi ulikuwa na maswali 150 kwa saa tatu, na 15 kati yake hayahesabiwi, ila hujui ni yapi. Jibu maswali ya mazoezi kila siku kwa miezi michache, na kila unalokosa lisome hadi uelewe kwa nini umekosa. Ukifika umejiandaa hivyo, utapita.

Mwaka wa kwanza wa kazi ndio uliokuwa mzito. Nilikuwa muuguzi mwenye uzoefu, mtu ambaye vijana wa wodini walimkimbilia kuuliza. Ghafla nikawa mgeni, ninayesoma kila agizo mara mbili kabla ya kulituma, kwa sababu jina la mwisho chini ya agizo hilo ni langu. Katika usaili wa kazi, uliza nani utamwuliza maswali mwaka wa kwanza, na wataanza kukupa wagonjwa wangapi kwa siku. Kazi inayolipa zaidi kidogo lakini inakuacha peke yako na wagonjwa ishirini tangu wiki ya kwanza, mimi nisingeichukua, na sipendi mdogo wangu yeyote aichukue.

Neno langu la mwisho ni kwa watu wa aina mbili. FNP unayesoma haya, kama una mwaka mmoja au miwili kazini na unajua Kiswahili, mwambie meneja wako wiki hii kwamba muhula ujao utapokea mwanafunzi mmoja. Wapo wengi wenye alama nzuri waliokaa ndani ya magari yao wakipiga simu zisizojibiwa. Na wewe unayetaka kuanza, andika leo majina ya FNP na madaktari wote wanaokufahamu, na umpigie wa kwanza kabla hujajaza fomu ya chuo chochote.